Dereva Anakosaje Kiti Kwenye Basi?

Swali hilo si langu. Ni la Bibi, na aliliuliza Ijumaa moja ya mwezi wa kumi na mbili, akiwa amekaa jikoni kwetu Columbus, Ohio, na koti la baridi mabegani ingawa hita ilikuwa imewashwa mpaka mwisho. Alikuwa amekaa nasi miezi mitatu, na Jumapili angerudi Tanga. Mjomba wangu, kitinda mimba wake, ni rubani msaidizi wa shirika dogo linalorusha ndege za masafa mafupi kwa niaba ya shirika kubwa. Kituo chake cha kazi kiko Newark, New Jersey, lakini yeye, mke wake na watoto wao wawili wanaishi hapa Columbus, mtaa wa pili kutoka kwetu. Siku hiyo zamu yake iliisha saa tisa alasiri. Kutoka Newark hadi hapa ni chini ya saa mbili angani. Tulimhesabia sahani mezani.

Saa tatu usiku akapiga simu. Ndege ya kwanza ilijaa. Ya pili nayo ilijaa, lakini huko alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya kile kiti cha ziada kilichomo ndani ya chumba cha marubani. Alisimama getini na begi lake, roho imetulia. Zilipobaki dakika chache tu akatokea rubani mwingine, akaonyesha kitambulisho, akapewa kiti. Mlango ukafungwa.

Bibi alimsikiliza kwenye spika ya simu hadi mwisho. Kisha akauliza, polepole kabisa, "Mwanangu, dereva anakosaje kiti kwenye basi?"

Mama akaangua kicheko. Mjomba hakucheka. "Mama, basi lenyewe si langu," akasema. "Na aliyepanda ana haki kuliko mimi."

Mimi nilikasirika kwa niaba yake. Ningekuwa yeye, nadhani ningegombana na mtu pale getini. Lakini lile neno "haki" lilinikaa kichwani. Nani alipanga kwamba mtu aliyefika mwisho atangulie? Mhariri wa jarida hili alikuwa ameshanikumbusha mara mbili kuhusu makala niliyoahidi, basi nikaamua makala yenyewe iwe hii. Nimemsumbua Mjomba kwa simu wiki tatu mfululizo. Nimesoma kanuni za usafiri wa anga ambazo sikuwahi kudhani ningezisoma. Kama kuna mahali Kiswahili changu kimeyumba, nisameheni. Maneno haya nyumbani hatukuwa nayo, mengine tumeyatunga wenyewe.

Kigoda

Tuanze na moja tulilolitunga. Kwa Kiingereza kiti hiki ni jampusiti. Mama alipoonyeshwa picha yake kwa mara ya kwanza alisema, "Kumbe ni kigoda!" Tangu hapo kwetu ni kigoda, na hapa nitakiita hivyo.

Usifikirie kiti cha abiria. Kwenye ndege ndogo kama Embraer 175 au CRJ ni kibao kinachokunjuliwa nyuma ya viti vya marubani wawili, jirani kabisa na mlango. Ukishakikunjua na kukaa, njia imezibwa. Mgongo unanyooka kama wa askari kwenye gwaride. Una mkanda wa mabega, barakoa ya oksijeni, na vifaa vya masikioni vya kusikilizia mazungumzo na waongoza ndege. Ndege hizo ndogo zina kigoda kimoja tu. Baadhi ya ndege kubwa zina viwili. Wahudumu wa ndege nao wana viti vyao vya kukunja kwenye milango ya abiria, lakini hivyo vina utaratibu wake.

Kigoda ni cha kazi. Wakaguzi wa serikali hukitumia kuangalia marubani wakifanya shughuli zao, na marubani wakufunzi hukitumia kuwapima wenzao. Ila siku nyingi hakina mkaguzi wala mkufunzi, na hapo ndipo marubani wanaoishi mbali na kituo chao hupata usafiri wa bure.

Na wako wengi. Shirika la ndege la Marekani halimuulizi rubani anaishi wapi. Linamwambia zamu yake inaanzia wapi. Baada ya hapo atajua mwenyewe. Kila kitu kinaamuliwa na ukongwe, yaani namba yako kwenye orodha ya marubani kwa tarehe uliyoajiriwa: kituo, aina ya ndege, ratiba, likizo, hata kama utalala nyumbani Krismasi. Ukihamia shirika jingine unaanza mkiani, hata uwe umeruka miaka 20. Vituo vya New York na Newark vinajulikana kwa kujaa vijana, kwa sababu wakongwe wengi hukimbia gharama zake. Mjomba alipoajiriwa hakuchagua Newark. Newark ndiyo iliyobaki.

Kwa nini asihame basi? Mke wake, ambaye tunamwita Anti, ni muuguzi hapa Columbus. Watoto wana shule. Na kituo kinaweza kubadilishwa au kufungwa, halafu uwe umehamisha nyumba bure. Kwa hiyo wengi hupanga kitanda katika kile ambacho vijana wa Dar wangekiita geto: nyumba karibu na uwanja wa ndege, vitanda vya dabodeka, marubani kumi na zaidi wanaopishana, kila mmoja na shuka zake kwenye mfuko. Mjomba analo lake. Bibi hakuambiwa kuhusu geto.

Binamu yangu aliyeko Muscat alishangaa nilipomsimulia. Kwa mashirika makubwa ya Ghuba, kama Emirates, rubani hupewa nyumba au posho ya nyumba na huishi mji uleule anakofanyia kazi. Kule huwezi kuishi miji miwili mbali halafu ukadandia ndege ya shirika jingine kila wiki. Jambo hili ni la Marekani hasa, nchi kubwa yenye ndege nyingi na mashirika yaliyokubaliana kubebeana watu.

Sheria inasema nini, na haisemi nini

Kanuni ya serikali kuu, kifungu 121.547, inataja wanaoweza kuingia chumba cha marubani: wafanyakazi wa ndege hiyo, wakaguzi wa FAA (mamlaka ya usafiri wa anga), wawakilishi wa NTSB (bodi inayochunguza ajali), na watu wengine wachache wenye ruhusa, wakiwemo marubani wa shirika lenyewe na marubani wa mashirika mengine. Kwa hao wengine lazima kapteni akubali na shirika likubali. Kifungu kinachofuata kinampa mkaguzi wa FAA nguvu ya pekee: akionyesha hati zake, hakuna wa kumzuia kuingia. Mkaguzi akitokea, kigoda ni chake.

Nilitegemea kwamba baada ya hapo sheria ingeendelea: wa pili fulani, wa tatu fulani. Haiendelei. Serikali inasema nani anaruhusiwa kukaa. Marubani watano wenye ruhusa wakisimama geti moja, nani atangulie si kazi ya serikali. Hilo linaachiwa shirika lenye ndege, vitabu vyake vya utaratibu, na mkataba wake na chama cha marubani.

Kwa hiyo kila shirika lina orodha yake, ila zote zina sura inayofanana. Juu yupo mkaguzi. Chini yake mtu aliyetumwa na shirika lenyewe kikazi, kama rubani mkufunzi anayempima mtu siku hiyo. Kisha marubani wa shirika hilohilo wanaokwenda kazini au wanaorudi nyumbani. Kisha marubani wa mashirika ndugu, yale madogo yanayoruka kwa jina la shirika kubwa. Mwisho kabisa, wageni: marubani wa mashirika mengine yoyote. Ndege iliyomwacha Mjomba ilikuwa ya shirika jingine. Yeye alikuwa mgeni, na aliyekuja mwisho alikuwa mwenyeji. Angeweza kufika saa tatu kabla na bado angeachwa.

Watu wa ngazi moja wakigombea kigoda kimoja ndipo falsafa mbili zinapokutana. Mashirika mengine yanasema ukongwe: namba ndogo inapanda, namba kubwa inasubiri. Mengine yanasema aliyetangulia kujiandikisha. Kwa wageni karibu kote ni kutangulia, kwa kuwa ukongwe wa shirika moja hauna maana kwa shirika jingine. Lakini kwa wenyeji ugomvi huu haujaisha.

Hoja ya wakongwe naielewa. Ukongwe unaamua kila kitu kingine, kwa nini usiamue na hiki? Ni rahisi kuuhesabu na hakuna wa kuudanganya. Tatizo ni kwamba unampa kiti yule ambaye amekihitaji kidogo zaidi. Mkongwe ana ratiba nzuri, anajua mwezi mzima atakuwa wapi, akikosa ndege ya asubuhi ana ya mchana. Kijana yuko kwenye zamu ya akiba, anapigiwa simu leo, kesho asubuhi awe Newark. Yeye ndiye aliyetupwa kituo cha mbali kwa sababu ya namba yake, halafu namba hiyohiyo inamnyima usafiri wa kwenda huko. Anaadhibiwa mara mbili kwa kosa moja, kosa lenyewe likiwa ni kuzaliwa baadaye.

Kutangulia kujiandikisha nako kuna kasoro. Mashirika kadhaa huruhusu marubani wao kuweka nafasi siku kadhaa kabla, kwenye simu au kompyuta. Basi watu wanatega kengele ya saa sita usiku ili wawahi dirisha likifunguliwa. Anayelala anakosa. Na anayeruka usiku ule, yaani yuko kazini kwelikweli, anakosa pia. Nilimuuliza Mjomba yeye angechagua upi. Akasema, "Nikiwa kijana, foleni. Nikizeeka, ukongwe." Angalau ni mkweli. Mimi nachagua foleni hata nikizeeka, lakini sijui kurusha hata tiara, kwa hiyo kura yangu haina uzito.

Jambo moja huyeyusha ugomvi wote: viti vitupu nyuma. Kukiwa na nafasi kwenye sehemu ya abiria, kapteni anaweza kubeba marubani kadhaa, wakae huko na mikanda yao kama watu wengine. Vita vya kigoda ni vita vya ndege zilizojaa. Ijumaa jioni, sikukuu, mwezi wa kumi na mbili.

Hodi

Kuna kitu Mjomba alinieleza ambacho kilinifanya nione kwamba Bibi angeielewa dunia hii vizuri kuliko mimi. Hata ukishapita yote, jina liko juu, mhudumu wa geti amekupa karatasi, bado hujapata kiti. Unaingia ndani ya ndege, unasimama mlangoni pa chumba cha marubani, unasubiri wamalize wanachofanya, halafu unajitambulisha na kuomba. Unasema jina lako na shirika lako, unaonyesha kitambulisho, leseni na cheti cha afya, unauliza kama unaweza kusafiri nao. Hata kama utakaa nyuma kwenye kiti cha abiria, unakwenda kuomba kwanza. Ukipita moja kwa moja ukaketi bila kusema kitu, kapteni ana haki ya kukushusha, na wapo wanaofanya hivyo.

Hiyo ni hodi. Hakuna neno jingine. Mlango uko wazi, unaona mtu ndani, na bado unabisha. Na jibu karibu kila mara ni karibu.

Kapteni habadilishi orodha. Hawezi kumruka wa kwanza ili ampe rafiki yake aliye wa tatu. Ila anaweza kumkataa yeyote bila kutoa sababu ndefu, kwa maana ndege ikishafungwa mlango dhamana ni yake. Nguvu hiyo imewahi kutumika kulipiza kisasi. Baada ya mgomo wa marubani wa Continental ulioanza mwaka 1983, wale waliovunja mgomo na kuruka walikuwa wakikataliwa kigoda na makapteni wa mashirika mengine, miaka na miaka. Anayeombwa akikuangalia tu na kusema hapana, unabeba begi lako unarudi getini mbele ya abiria wote. Vyama vya marubani huwaomba wanachama wao wasitumie kigoda kwa ugomvi, kwa sababu shirika moja likianza kukataa, jingine litakataa pia, na wote watalala viwanjani.

Niliposema "haki yako ya kigoda", Mjomba alinikatiza. Haki, alisema, wanayo wenyeji, kwa mkataba wao. Mgeni ana hisani. Ndiyo maana hasahau kumshukuru kapteni wakati wa kushuka, na ndiyo maana hubeba chokoleti kwa wahudumu wa ndege.

Mtu wa tatu chumbani

Mpaka hapa nilikuwa nafikiria kiti tu. Lakini mtu anayekaa pale yuko hatua moja kutoka kwenye usukani, na historia ina mifano ya pande zote mbili.

Tarehe 7 Aprili 1994, mfanyakazi wa FedEx aliyekuwa akikabiliwa na kikao cha nidhamu alipanda ndege ya mizigo ya kampuni yake, DC-10, kutoka Memphis kwenda San Jose, California. Alikuwa na nyundo na bunduki ya mishale ya kuvulia samaki ndani ya mkoba. Aliwashambulia wenzake watatu wakiwa angani. Walijeruhiwa vibaya sana, wakapambana naye, wakarudi kutua Memphis wakiwa hai. Na tarehe 22 Oktoba 2023, rubani wa Alaska Airlines aliyekuwa nje ya zamu, akiwa amekaa kwenye kigoda cha ndege ya Horizon iliyotoka Everett kwenda San Francisco, alijaribu kuvuta vishikio vinavyozima injini wakati wa moto. Marubani walimzuia, ndege ikatua Portland.

Septemba 11, 2001 ilikuwa imeshabadilisha mengi kabla ya hapo. Baada ya siku ile, rubani mgeni hakuruhusiwa tena kukaa chumba cha marubani. Kama nyuma hakuna kiti, basi. Kigoda cha wageni kilirudi ulipopatikana mfumo wa kompyuta uitwao CASS. Mhudumu wa geti anaingiza taarifa za rubani, mfumo unauliza hifadhidata ya mwajiri wake, unaleta picha na jibu: ndiyo au hapana. Aliyefukuzwa kazi jana leo hapandi. Shirika ambalo halimo kwenye mfumo, marubani wake hawapati kigoda, na rubani wa kutoka Nairobi au Dar es Salaam aliyekuja kutembea huku hapati pia, hata awe na saa za kuruka kumshinda kapteni.

Upande wa pili wa mizani uko Indonesia. Tarehe 28 Oktoba 2018, ndege ya Lion Air aina ya Boeing 737 MAX iliyokuwa ikitoka Denpasar kwenda Jakarta ilianza kujisukuma pua chini yenyewe. Chumbani kulikuwa na rubani wa tatu aliyekuwa akisafiri kwenye kigoda. Mikono yake ilikuwa mitupu, macho yake yalikuwa huru kuangalia kila kitu, naye akasaidia kutambua tatizo ili wazime swichi za mfumo wa umeme unaosogeza mkia. Walifika. Asubuhi iliyofuata ndege hiyohiyo iliruka ikiwa na marubani wengine, bila mtu wa tatu, ikaanguka baharini na watu wote 189 wakafa.

Usingizi

Kuna ajali moja ambayo Mjomba hapendi kuizungumzia, na niliisoma mwenyewe. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air namba 3407 kutoka Newark ilianguka karibu na Buffalo saa nne na dakika 17 usiku. Walikufa wote 49 waliokuwemo na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake ardhini. Kituo cha kazi cha marubani wote wawili kilikuwa Newark, na hakuna hata mmoja aliyeishi huko. Kapteni alikuwa wa Florida. Rubani msaidizi, msichana wa miaka 24, alikuwa akiishi karibu na Seattle, upande wa pili wa nchi. Usiku wa kuamkia siku ile alivuka Marekani kwa ndege za mizigo za FedEx, Seattle hadi Memphis, Memphis hadi Newark, akafika baada ya saa kumi na mbili asubuhi. Alilala vipande vipande, njiani na kwenye chumba cha wafanyakazi. Mshahara wake wa mwaka uliotangulia ulikuwa kama dola 16,000.

Bodi ya uchunguzi ilisema chanzo ni namna kapteni alivyoitikia onyo la ndege kupoteza kasi. Alivuta usukani badala ya kuusukuma. Kuhusu uchovu, ilisema marubani wote wawili huenda walikuwa wamechoka, lakini haikuweza kupima uchovu ule ulichangia kiasi gani. Katika ripoti ileile kuna hesabu iliyonifanya niache kusoma kwa muda: kati ya marubani 137 wa Colgan waliokuwa na kituo Newark, 93 walisema wanasafiri kutoka mbali kuja kazini.

Baada ya ajali sheria nyingi zilibadilika. Tangu 2013 rubani msaidizi anatakiwa, kwa kawaida, kuwa na saa 1,500 za kuruka. Tangu Januari 2014 kuna kanuni mpya za mapumziko kwa ndege za abiria: saa 10 za kupumzika kabla ya zamu, zenye nafasi ya kulala saa 8 mfululizo. Lakini safari ya rubani kutoka nyumbani kwake hadi kituoni haimo kwenye hesabu. Ni mambo yake. Sheria inamtaka tu athibitishe kwamba yuko tayari kufanya kazi. Baraza la Taifa la Utafiti liliombwa kuchunguza suala hili, na ripoti yake ya 2011 ilisema takwimu hazitoshi kuwekea sheria. Ikawashauri marubani wapange safari zao wapate angalau saa sita za usingizi kabla ya zamu.

Kigoda kinamgusa abiria hapo. Rubani ambaye hana uhakika wa kiti ana njia mbili. Anaweza kwenda siku moja kabla na kulala geto, akipoteza siku ya watoto wake. Au anaweza kujaribu asubuhi ileile na kuomba Mungu. Mikataba mingi ina kifungu cha kumlinda: ukionyesha kwamba ulijiandikisha kwa ndege mbili zilizokuwa na nafasi na zote zikakuacha, hutaadhibiwa kwa kuchelewa. Mjomba anakijua kifungu hicho kwa moyo. Amekitumia mara moja katika miaka mitatu. Siku nyingine zote huondoka jana yake.

Nilimuuliza kama amewahi kuruka akiwa amechoka. Alinyamaza kidogo. "Nimewahi kupiga simu kusema sifai leo," akasema. "Mara mbili. Mara ya kwanza niliogopa kufukuzwa kuliko nilivyowahi kuogopa hewani." Sikuuliza zaidi. Ni mjomba wangu, si shahidi.

Jumamosi na Jumapili

Jumamosi asubuhi Mjomba alijaribu tena. Safari hii alikuwa wa kwanza, hakuna mwenyeji aliyetokea, kapteni akamkaribisha, akafunga mkanda. Columbus kulikuwa na theluji, kwa hiyo ndege iliongezewa mafuta ya kuifikisha uwanja mwingine endapo isingeweza kutua. Uzito ukazidi. Anayeshushwa kwanza ni yule asiyelipa. Akafungua mkanda, akawashukuru, akatoka.

Hatimaye alizungukia Chicago na kutufikia saa nne usiku. Bibi alikuwa ameshalala na akaamka, akampashia moto wali na samaki yeye mwenyewe, akikataa msaada wa Mama. "Shikamoo Mama," alisema Mjomba akiwa bado na sare. "Marahaba. Kaa. Hiki kiti hakuna atakayekunyang'anya." Walikaa pale jikoni mpaka nikaenda kulala mimi.

Katika maongezi yale, nadhani, ndipo jambo la kuhama lilipoamuliwa. Anti ameomba kazi hospitali mbili za New Jersey, na shule ikifungwa mwezi wa sita watahama wote. Mama hajafurahi. Mjomba atakuwa na kituo kwa dakika 30 za gari, labda mpaka shirika likibadilishe.

Jumapili Bibi alikuwa asafiri Columbus hadi uwanja wa Dulles, Washington, apande ndege ya Addis Ababa. Mjomba naye alitakiwa Newark Jumatatu alfajiri. Kulikuwa na njia ya kupitia Dulles, akajiandikisha kigoda cha ndege ileile. Ilikuwa imejaa. Hakuna mwenyeji aliyetokea, theluji ilikuwa imekoma. Bibi alikuwa na kiti cha dirishani safu ya pili, kwa sababu ya magoti yake, na alimwona mwanawe akisimama mlangoni pa chumba cha marubani, kofia mkononi, akisubiri, akisema maneno machache kwa unyenyekevu, kisha akiingia na mlango ukifungwa nyuma yake. Hakumwona tena mpaka Dulles.

Tanga amewaambia watu wote kwamba mwanawe ndiye aliyemrusha. Mjomba hajamsahihisha.